Saa ya Mjomba na Posa ya Ndugu Yangu

Nilikuwa nyuma ya pazia, kwa hiyo niliyoyasikia siku ile ni mengi kuliko niliyoyaona, na anayesoma anichukulie hivyo hivyo. Waliokaa mbele, ukumbini, ni wanaume watupu: baba yetu mdogo, ambaye ndiye mshenga wetu, mjomba wa binti tuliyekwenda kumposa, na ndugu yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, mwalimu wa fizikia, amevaa kanzu niliyoipiga pasi mpaka mkono ukaniuma. Huku ndani nilikuwa mimi na bibi yake binti, ambaye nyumba ni yake na neno la mwisho ni lake. Tumekaa mkekani, sinia la visheti katikati yetu. Nyumba ni ya mtaa wa Mkunazini, mjini, ya mawe, kuta zake nene hata mtoto aweza kulala dirishani asianguke.

Kawaida ya posa kwetu, mposaji mwenyewe haendi. Huenda wazee wake. Posa yetu ilikuwa ishapelekwa, ikapokewa kwa adabu, tukaambiwa tungoje jibu. Kisha yakaja maneno kwamba mjomba wa binti anataka kumwona kijana. Hilo si jambo baya, tena ni dalili njema. Na kijana akiitwa namna ile kazi yake si kubwa: aamkie, ainamishe macho, anywe kahawa yake, akiulizwa ajibu kwa neno moja au mawili, kisha aondoke. Nilimfundisha yote hayo nyumbani.

"Dada," akaniambia, "nshafahamu. Mimi si mtoto."

Basi nikamsikia anaamkia vizuri. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako, nasikia, mwalimu."

"Naam, mjomba."

"Wafundisha nini?"

"Fizikia."

Laiti mambo yangeishia hapo. Mjomba, kwa haki yake, hakuwa na nia ya kumtega mtu. Alikuwa mtu wa Mangapwani, mwenye minazi yake, aliyekuja mjini kwa ajili ya shughuli ile, na aliona vibaya mazungumzo yafe mapema kiasi kile. Akasema kwa ukarimu kabisa, "Ndiyo nini hiyo? Hebu tufahamishe na sisi."

Mdogo wangu alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro. Mtu akimwambia amfahamishe, alikuwa hawezi kujizuia. Alikuwa amesoma Ulaya miaka michache, akarudi na sanduku la vitabu na suti moja, na vitabu ndivyo alivyovipa nafasi kabatini. Nikamsikia anasogea mbele ya kiti.

"Mjomba, ukitupa mpira ukutani, unarudi. Si ndiyo?"

"Unarudi."

"Na ukitaka uende upande wa pili, sharti uutupe kwa nguvu ya kutosha upite juu ya ukuta. Nguvu ikipungua, unarudi tu."

"Hilo hata watoto wanajua."

"Basi ziko chembe, ndogo, ndogo hazionekani, ambazo mambo yao si hayo. Zikiugonga ukuta wao, nyingi zinarudi. Lakini mojamoja inatokea upande wa pili. Haikuruka juu, maana nguvu za kuruka haina. Ukuta haukutoboka. Mlango haukufunguliwa. Ila iko upande wa pili."

Chini njiani muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe vyake, nikavisikia kama viko masikioni mwangu.

"Ukuta mzima," akasema mjomba.

"Mzima, mjomba."

"Na wewe ndiyo wawafundisha hayo watoto wa watu."

Baba mdogo akakohoa. Namjua baba mdogo. Kile kilikuwa kikohozi cha kumwambia mtu ainuke aende zake. Mdogo wangu akaona bado hajaeleweka, akazidi. "Si jambo la mbali, mjomba. Hata hapo ulipo ziko zinatoka. Kwenye saa yako hiyo, ile rangi inayong'aa gizani—"

Nikasikia kitu cha chuma kinawekwa mezani kwa haraka. Saa imevuliwa.

Bibi alikuwa na kisheti mdomoni. Alikitafuna polepole mpaka kikaisha, akafuta vidole kwenye leso yake, akaniinamia. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "nduguyo anafuga?"

"Anafuga nini, Bi Mkubwa?"

"Usinichezee. Anafuga?"

Anayetoka kwetu ameshafahamu. Kinachoingia na kutoka ukutani bila ya mlango, kwetu, kina jina lake, na mtu anayekaa na vitu vya namna hiyo huambiwa anavifuga kama mwingine anavyofuga kuku. Nikasema hasha, Bi Mkubwa, ndugu yangu ni mwalimu. Akasema hata yule alikuwa mwalimu. Yule ni nani, sikujua siku ile.

*

Jibu lililokuja siku chache baadaye lilisema mtoto bado mdogo. Binti alikuwa anafundisha darasa la pili na alishapita umri ambao mimi niliolewa nao, kwa hiyo tulijua maana yake. Lakini baba mdogo, aliyekuwa amezoea kazi ya ushenga, alisema hilo si jibu la kufunga mlango. Bibi alikuwa ameahidi kusema neno lake kamili kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, na sisi tulikuwa katikati ya Shaabani. Jambo la kuogopa ni kwamba kulikuwa na mposaji mwingine, mtoto wa jamaa zao wa Pemba. Bibi akitukataa sisi, kijana wa Pemba angemchukua binti.

Mdogo wangu alikwenda kazini, akarudi, akasahihisha madaftari. Lakini aliacha kula wali wangu wa nazi, na katika miaka ile ya foleni, mtu aliyebakisha wali sahanini alikuwa ama mgonjwa ama ameshakata tamaa.

Foleni ndiyo iliyonikutanisha na binti mwenyewe. Tulikuwa tumejipanga mchele tangu asubuhi, kila mmoja na kikapu chake, nikahisi mtu ananivuta buibui.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba. Wifi bado," nikamwambia. "Tumekataliwa, au huna habari?"

"Nnazo. Bibi kafukiza ubani nyumba nzima, hata mto wangu. Nanuka kama msikiti siku ya Maulidi. Watoto darasani waniuliza, mwalimu, kwenu kuna hitima?"

Nikacheka hata aliye mbele yangu akageuka. Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Na mjomba kaipeleka saa yake kwa maalim wa chuo, isomewe. Ikarudishwa na maneno kuwa haina kitu, ila iko nyuma robo saa. Bibi hataki kuiona vilevile. Wifi, mimi huyo wa Pemba simjui hata sura. Huenda ni mtu mzuri, sisemi. Lakini nduguyo namjua. Fanya jambo."

"Jambo gani?"

"Sijui. Ila mwambie na yeye, siku nyingine akitaka kuja kwetu asizungumze ya kupita ukutani. Aseme anapita mlangoni kama watu."

Ndiye aliyenieleza habari ya yule mwalimu. Dada yake bibi, zamani sana, aliolewa na mtu aliyekuwa na chuo na dawa na mizimu yake. Mtu huyo alikuwa na jibu la kila jambo, na watu wakimjia kutoka mbali. Dada akarudi kwao na watoto, amekonda, na hakuwa yule aliyeondoka. Kwa hiyo hofu ya bibi haikuwa ujinga, na mimi naliandika hili makusudi, kwa sababu nyumbani kwetu wakati ule tulikuwa tukimsema vibaya, na hatukuwa na haki.

*

Shauri langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nilimwambia mdogo wangu ampelekee bibi salamu kwamba anafundisha hesabu, basi.

"Hesabu nafundisha," akasema. "Lakini niliulizwa jambo, nikalijibu. Nikiligeuza sasa ntakuwa nimemdanganya bibi wa mke wangu kabla hajawa mke wangu. Halafu niendelee hivyo mpaka lini?"

Nikamwambia basi anifundishe mimi, nikamweleze bibi kwa maneno ya wanawake, mkekani. Alinitazama kwa mashaka, na sikumlaumu. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, kisha nikaingia kwenye kofia. Nashona kofia za viua, zile za kudariziwa kwa mkono, mpaka leo. Kuandika haya ya kila siku ni tabia tu niliyobaki nayo kutoka shuleni, na hata sasa sina hakika kama ninavyoyaeleza ndivyo yalivyo. Akisoma mtu aliyesoma, anisamehe na anisahihishe.

Alikaa jikoni juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, bajia mkononi. Akasema chembe zile haziendi kama mpira. Mwendo wao ni wa wimbi. Na wimbi likifika ukutani halikatiki pale pale kama kamba iliyokatwa kwa kisu. Huzama kidogo ndani ya ukuta, likififia kila linavyokwenda. Ukuta ukiwa mnene, linakufa humo humo. Ukiwa mwembamba, ukuta unakwisha kabla wimbi halijesha, na kile kidogo kilichobaki kinatokea nje.

Nikatazama karatasi ya bajia. Ilikuwa gazeti lililokunjwa, na mafuta yalikuwa yamepenya: ukurasa wa ndani umelowa, wa pili umelowa kiasi, wa tatu una kivuli tu. Nikamwonyesha. "Kama hivi?"

Alifurahi hata akasahau kutafuna. "Hivi hivi, dada! Ongeza ukurasa mmoja tu, na kinachotoka kinapungua sana." Kisha uso ukambadilika, akaanza kukuna kichwa. "Lakini sivyo."

"Sasa ndivyo au sivyo?"

"Mafuta yanagawika. Mengine ndani, mengine nje. Chembe haigawiki. Ukiitafuta utaikuta nzima huku, au nzima kule. Nusu yake huikuti popote. Kinachofifia ukutani ni ile bahati ya kuikuta. Yenyewe haififii."

Hapo nilipotea, akanirudisha. Akanieleza habari ya ile rangi ya saa. Ndani yake mna kitu kiitwacho radiamu, na kila punje ya radiamu, ndogo isiyoonekana, ni kama ua uliozungushiwa ukuta mrefu. Ndani ya ua ziko chembe zinazogonga ukuta, zinarudi, zinagonga, zinarudi, mara nyingi hazihesabiki. Nguvu za kuruka juu hazina. Basi baada ya kurudishwa na kurudishwa, siku moja, moja inajikuta nje.

"Imechoka," nikasema. "Maskini."

"Hata. Inatoka na nguvu zake zile zile ilizokuwa nazo ndani. Ukuta haukuipunguzia kitu." Kisha akaniambia jambo ambalo mimi lilinipendeza kuliko yote, ingawa yeye alilisema kwa kupita tu: kwamba hata chembe yenye nguvu kuliko ukuta, yenye uwezo wa kupita juu bila taabu, mara nyingine hurudishwa vilevile. Wala hairudishwi kwa kosa lake. Ndivyo mambo yalivyo tu.

Nikamwambia hilo nalijua bila kusoma. Kabla yetu sisi, nyumba ile ile ilimrudisha mtoto wa mfanyabiashara, kijana mzuri, mwenye kila kitu, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini.

"Dada, chembe si watu. Hazikasiriki, hazina mshenga."

"Nimesema mfano."

"Mfano haufai."

Mimi bado naona unafaa kidogo, lakini yeye ndiye aliyesoma, kwa hiyo nauandika na kukataliwa kwake.

Alipoinuka kwenda kusali alasiri akasema neno moja la kunipoza. "Tatizo ni kwamba haya huwezi kumwonyesha mtu. Ila, labda, ile saa." Akasimama mlangoni. "Mtu akikaa gizani mpaka macho yazoee, akaitazama ile rangi kwa lenzi ya fundi saa, anaona. Anaziona zinavyotoka mojamoja. Lakini bibi atakubali vipi?"

*

Bibi alikubali kwa sababu ya mjomba. Hilo lazima niliseme, maana nyumbani sifa nilipewa mimi. Nilikwenda na lenzi niliyoiazima kwa fundi saa wa Darajani, nimeificha ndani ya mkoba wa nyuzi, na nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi mazuri ambayo yote yalinipotea nilipofika ngazini. Nikamwamkia bibi, nikamwambia tu: "Bi Mkubwa, nimekuja unione mwongo au mkweli. Ile saa, njoo tuitazame pamoja."

Alikuwa ananikatalia, ndipo mjomba, aliyekuwa amekuja mjini na dagaa na nazi, akaingilia. "Tazama, bibi, tafadhali. Mimi tangu niivue ile saa sina raha. Juzi nimefika msikitini adhana bado, watu wakanidhani nimehamia."

Saa ilikuwa kwenye kopo la biskuti, kopo limefungwa kwa leso, leso imepigwa mafundo. Mjomba alihangaika nayo mpaka tukasaidiana kwa meno.

Tukaingia stoo, ile ya chini ya ngazi isiyo na dirisha, mimi na bibi peke yetu, tukakaa juu ya magunia ya mkaa. Kulikuwa na harufu ya vitunguu. Mchana ulikuwa unapenya chini ya mlango, kwa hiyo nikatandaza buibui langu juu ya vichwa vyetu viwili kama hema. Bibi akaanza kusoma Ayatul Kursi, akaimaliza, akaianza tena. Mimi nikaitikia amina, kwani hata mimi, pamoja na masomo yangu yote ya jikoni, nilikuwa naogopa.

"Sioni kitu."

"Tungoje macho yazoee, Bi Mkubwa."

"Macho haya yamezoea mengi. Mguu wako umenikanyaga."

Tulingoja. Jasho lilitutoka. Mara akasema, "Naona kijani. Kama moshi."

Nikampa lenzi, nikamwonyesha aishike karibu na jicho kama fundi anavyofanya. Akaiinamia saa.

"Lo," akasema.

"Waona nini?"

"Vinarukaruka. Vinawaka, vinazima. Kama mvua ikianza kudondoka kwenye maji, ile ya mwanzo, hapa, hapa, kule. Ewe Mola wangu. Hebu ngoja. Kule tena."

Nikamwambia, kila kimoja ni chembe moja imetoka uani kwake, ikapiga ile rangi, rangi ikameta.

"Na nduguyo ndiye anayezitoa?"

"Hata, Bi Mkubwa. Zilikuwa zikitoka yeye hajazaliwa. Zatoka zenyewe, hata tulipozifungia kwenye kopo."

"Kwa neno gani?"

"Hakuna neno. Zagonga, zarudi. Zagonga, zarudi. Moja hutoka."

Akatazama tena. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulitarajia kwake. "Sasa hapa, kitakachofuata kutoka ni kipi? Cha juu hapa kwenye nambari, au cha chini?"

"Sijui."

"Wewe hujui, nimekubali. Nduguyo asemaje?"

Nikataka kusema anajua, maana niliona aibu, kijana kasoma Ulaya mpaka mwisho wa elimu, halafu dada yake aseme hajui. Lakini nilikuwa nimemuuliza swali hilo hilo jikoni. "Naye hajui, Bi Mkubwa. Anasema zikiwa nyingi anaweza kujua kwa jumla zitatoka kiasi gani. Lakini hii ipi, na lini, hajui. Na anasema wala hakuna mtu anayejua, hata hao waliomfundisha."

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Wallahi."

Bibi akashusha lenzi. Chini ya lile buibui sikuuona uso wake, nilisikia pumzi tu. "Shemeji yangu," akasema, "miaka yote niliyomjua, hajapata kusema hajui. Ukimuuliza mvua, anajua. Mwizi wa kuku, anajua. Mtoto wa tumboni mume au mke, anajua. Alijua yote, ila watoto wake wangekula nini jioni." Akanirudishia lenzi. "Mganga asiyejua sijamwona mimi."

Ningeweza kuinuka pale pale na furaha yangu. Lakini kulikuwa na jambo moja ndugu yangu alinisisitizia, na nikaona nikiliacha ntakuwa nimepitisha posa kwa ujanja. Kwa hiyo nikamwambia kwamba rangi ile si kitu cha kuchezea. Saa isifunguliwe, rangi isikwanguliwe, isiliwe wala isivutwe puani, ina madhara. Nilijua naweza kuwa nimeharibu kila kitu.

"Nani atakula saa?" akasema bibi. "Hebu nipe tena hiyo lenzi."

Mjomba akagonga mlango. "Je? Mmeona? Na mimi nije?"

"Ngoja zamu yako!" bibi akamjibu.

Mjomba alipopata zamu yake tulimwachia buibui langu, akajifunika nalo peke yake, kanzu nyeupe chini, buibui juu, na binti aliporudi kutoka skuli akamkuta hivyo akakaa ngazini kwa kucheka.

*

Lakini bibi hakutoa jibu siku ile. Alisema kijana arudi, akae pale pale alipokaa, na safari hii atamuuliza yeye mwenyewe.

Basi tukarudi, kila mtu mahali pake, mimi nyuma ya pazia. Baba mdogo alikuwa amemwapisha mdogo wangu njia nzima kuwa hatataja ukuta, chembe wala saa, na yeye kweli hakutaja. Bibi akasogea karibu na pazia, akapaza sauti.

"Mwanangu."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Nikikupa mjukuu wangu, mtakaa vizuri mpaka mwisho?"

Mimi nilijua jibu la swali hilo. Kila mposaji analijua. Mtu husema inshallah mpaka kufa, Bi Mkubwa, namweka kichwani kama taji. Baba mdogo alikuwa ameanza hata kumsaidia, nikamsikia, "In—"

"Sijui, Bi Mkubwa," akasema mdogo wangu. "Nitajitahidi kwa uwezo wangu wote. Na nikikosea, nitapenda niambiwe. Lakini kusema najua, sijui."

Baba mdogo alikohoa kikohozi ambacho sijapata kukisikia tena. Mimi nilifumba macho. Nilimwona kijana wa Pemba anateremka bandarini na sanduku lake. Nikamhesabia mdogo wangu ujinga wote aliopata kuufanya tangu anatambaa, na wakati huo huo, sijui vipi, nilikuwa najivunia kuwa dada yake.

Bibi aliivuta ncha ya leso yake. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, akaita: "Leteni sharbati."

Sharbati kwetu haipewi mtu anayekataliwa. Huyo hupewa kahawa na kusindikizwa. Nikaruka kwenda jikoni kusaidia kukoroga, nikihofia tutawachelewesha wageni. Nikamkuta binti amesimama mbele ya sinia, jagi limejaa, glasi zishapangwa zote, na anapuliza mdalasini uliomwagika pembeni.

"Umekoroga saa ngapi?" nikamuuliza.

"Wifi, chukua sinia," akasema, "kabla bibi hajaja kuniuliza na yeye."